Kitanda cha Mfumi Mpakani: Ufumaji wa Sweta na Msamiati Wake katika Miji ya Busia na Malaba

Utangulizi

Desemba inapoelekea ukingoni, vibanda vya mafundi wa sweta katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, hufanya kazi hadi usiku. Shule za Kenya hufunguliwa Januari; za Uganda, ng'ambo ya mpaka, kwa kawaida hufunguliwa wiki chache baadaye. Kwa hiyo fundi aliye mpakani ana misimu miwili ya mavuno inayofuatana. Huketi au husimama mbele ya mashine yake ndefu, akikisukuma kigari chake kutoka kushoto kwenda kulia na kukirudisha, huku kipande cha sweta ya buluu, ya kijani au ya rangi ya damu ya mzee kikiteremka polepole chini yake. Mzazi anayesubiri humwambia mwenziwe kwamba fundi anashona sweta. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kamusi atataka kumsahihisha: fundi hashoni, anafuma. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa kufuma ni nini hasa, na sweta inatofautianaje na kikoi ambacho nacho kimefumwa, huenda akakwama.

Makala haya yanakusudia kuieleza kazi hiyo kwa kuanzia na kifaa kilicho sahili kuliko vyote, yaani kiunzi kirefu chenye safu mbili za vigingi, ambacho mtu yeyote aweza kuundiwa na seremala. Kiunzi hicho kimesimama katikati ya kitanda cha mfumi wa zamani na mashine ya sweta ya leo, na anayekielewa huvielewa vyote viwili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msamiati wa ufumaji umo katika Kiswahili tayari, ila umegawanyika katika makazi mawili yasiyotembeleana: maneno yamo kamusini bila kazi, na kazi imo vibandani ikitafuta maneno.

Kitenzi kimoja, kazi mbili

Kitenzi fuma kina maana zaidi ya moja. Mfumaji hufuma nguo. Mwindaji naye humfuma mnyama kwa mkuki au kwa mshale. Maana hii ya pili ndiyo inayosikika katika fumania, yaani kumkuta mtu ghafla katika tendo asilotaka kuonwa. Inayotuhusu ni ile ya kwanza, nayo yenyewe imebeba kazi mbili ambazo, kwa asili yake, hazifanani.

Kazi ya kwanza ni ile ya nguo kama kikoi. Nyuzi nyingi hutandwa kwa urefu, zikakazwa. Hizo ndizo mtande. Kisha uzi mwingine hupitishwa kukingama, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, ukaenda na kurudi; huo ndio mshindio. Nguo hupatikana kwa kukatana kwa nyuzi za pande mbili. Kazi ya pili ni ile ya sweta. Hapa hakuna mtande wala mshindio. Kuna uzi mmoja tu, ambao hupindwa ukawa kitanzi. Kitanzi kipya hupitishwa ndani ya kitanzi cha zamani, safu juu ya safu, hata kitambaa kizima kikawa ni uzi mmoja uliojishika wenyewe.

Tofauti hii si ya wanataaluma peke yao. Kila mama aliyewahi kufua anaijua kwa vidole vyake. Kikoi kikichanika ukingoni, nyuzi huchomoka moja moja na kuacha matamvua, lakini nguo hubaki nguo. Sweta ikikatika uzi mahali pamoja na uzi huo ukavutwa, safu nzima hufunguka, na inayofuata, na inayofuata tena. Kikoi hakinyumbuki kwa kadiri kubwa. Sweta huvutika ikampita mtoto kichwani, kisha ikarudi kumshika shingoni, kwa kuwa kila kitanzi kina nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Ni kwa sababu hii mavazi yanayoubana mwili, kama soksi, kofia na sweta, hufumwa kwa vitanzi.

Je, ni udhaifu wa Kiswahili kuziita kazi hizi mbili kwa kitenzi kimoja? Si lazima. Lugha nyingi hupanua neno la kazi ya zamani likaifunika kazi mpya, na hapana shaka kwamba kazi ya mtande ndiyo iliyotangulia katika upwa wa Afrika ya Mashariki. Ugumu hutokea pale ambapo anayefundisha anahitaji kuzitenga kazi hizo na hana neno mkononi.

Kitanda na mtande

Ufumaji wa mtande una historia ndefu pwani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuhusu nguo zilizofumwa mjini humo na kusafirishwa hadi Misri. Wareno nao waliwakuta watu wa Pate wakifuma nguo za hariri zilizosifika. Katika magofu ya Kilwa, yaliyochimbuliwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960, vilipatikana vigurudumu vidogo vya pia za kusokotea uzi, ushahidi kwamba pamba ilisokotwa papo hapo. Karne ya 19 ilileta shuka za pamba kutoka Marekani, hasa baada ya mkataba wa biashara kati ya nchi hiyo na Sayyid Said mwaka 1833, na nguo hizo za bei nafuu, zilizoitwa merikani, zikawanyang'anya wafumi wengi soko lao. Kazi ilipofifia, maneno yake yalibaki yakikaa kamusini kama vyombo vya mgeni aliyehama.

Mojawapo ya maneno hayo ni kitanda cha mfumi. Frederick Johnson aliliingiza katika kamusi yake ya mwaka 1939 kwa maana ya kifaa cha kufumia nguo. Msomaji wa leo huweza kucheka kidogo, akamwona mfumi amelala. Hata hivyo jina hili lina mantiki. Kitanda cha jadi ni mbao nne zilizowambwa kamba, na kifaa cha kufumia ni mbao nne zilizotandwa nyuzi. Isitoshe, mtu akilisikiliza neno kitanda pamoja na kitenzi tanda na nomino mtande, atasikia ukoo mmoja: kutandaza kitu, kukinyosha, kukiweka tayari kupokea kingine juu yake.

Sweta haikuja kwa njia hiyo. Ufumaji wa vitanzi uliingia bara kwa mikono ya wamisheni na ya serikali ya kikoloni, kwa sindano mbili ndefu. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1952 chini ya mamlaka ya kikoloni, ilikuwa na vikundi vya wanawake vilivyofundishwa kushona, kufuma, kupika na kutunza nyumba. Mwanamke aliyefundishwa kazi hiyo hakuwa na sababu ya kuzungumza juu ya mtande wala kitanda. Kitenzi fuma alikipata, lakini kikiwa yatima.

Kiunzi kirefu cha vigingi

Tuje sasa kwenye kifaa chenyewe. Kiunzi kirefu kina umbo la kitanda cha mfumi, lakini kinachotoka ndani yake ni kitambaa cha vitanzi. Kwa sababu hiyo ndicho mwalimu bora wa tofauti iliyoelezwa hapo juu.

Seremala huchukua mbao mbili nyembamba zenye urefu sawa, tuseme sentimita 60, akazilaza sambamba na kuacha mwanya wa sentimita moja au mbili kati yake. Ncha zake huzishikanisha kwa vipande vya mbao ili mwanya usibadilike. Juu ya kila ubao hupigilia misumari isiyo na vichwa vipana, kwa nafasi zilizo sawa, kila msumari ukielekeana na mwenziwe wa ubao wa pili. Misumari hiyo ndiyo vigingi. Zaidi ya hapo mfumaji huhitaji uzi na ndoano ndogo. Spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha na kulainishwa kwa tupa hufaa sana. Na katika miji hii ya mpakani, ambako baiskeli za kuvusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda ndizo zilizoipa Afrika ya Mashariki neno boda boda, spoku si kitu cha kutafutwa mbali.

Kazi huanza kwa fundo. Ncha ya uzi hufungwa kwenye kigingi cha kwanza cha safu ya juu. Kisha uzi huvushwa mwanya hadi kigingi cha pili cha safu ya chini, ukazungushwa hapo, ukarudishwa hadi kigingi cha tatu cha juu, na kuendelea hivyo kwa kuruka kimoja kimoja mpaka mwisho wa upana unaotakiwa. Afikapo mwisho mfumaji hugeuka, akarudi kwa mwendo ule ule, safari hii akivizungushia uzi vile vigingi alivyoviruka. Akirejea alikoanzia, kila kigingi kimevaa uzi mara moja. Hapo hulaza uzi wa pili, wa rangi tofauti, juu ya mizunguko yote kwa urefu wa kiunzi, na ncha zake huziteremsha mwanyani. Huu ni uzi wa nanga: huizuia safu ya kwanza isiponyoke, tena huvutwa kwa mkono ili kazi ishuke.

Safu ya pili huzungushwa kama ya kwanza. Sasa kila kigingi kina vitanzi viwili, kimoja chini na kimoja juu. Kwa ndoano mfumaji hukishika kile cha chini, akakinyanyua, akakivusha juu ya kile cha juu na juu ya kichwa cha kigingi, kisha akakiacha kiangukie upande wa ndani. Kitanzi cha zamani kimekikumbatia kitanzi kipya. Kigingi kimebaki na kimoja. Afanyapo hivyo kwa vigingi vyote vya safu zote mbili, amefuma safu moja. Huzungusha tena, huvusha tena, na baada ya safu kadhaa kitambaa huanza kuchungulia chini ya mwanya.

Ni katika tendo hilo la kuvusha ambamo ufumaji wote wa vitanzi umo. Anayefuma kwa sindano mbili hulifanya. Mashine ya kiwandani yenye maelfu ya sindano hulifanya. Tofauti ni kasi tu. Faida ya kiunzi ni kwamba tendo hilo huonekana wazi. Kwa sindano mbili mikono huficha mambo, na mwanafunzi hujifunza kwa kuiga kabla ya kuelewa. Kwenye kiunzi kila kitanzi kina makazi yake, na mwalimu aweza kukielekezea kidole.

Upana wa kitambaa hutegemea idadi ya vigingi vilivyotumiwa na nafasi iliyopo kati yake. Vigingi vikikaribiana, kitambaa huwa kizito na cha vitanzi vidogo. Vikiachana, huwa chepesi chenye matundu. Mwanya nao una neno lake: ukiwa mpana, uzi mwingi hupotea ukivuka kutoka safu hadi safu, na kitambaa hulegea. Kitambaa kinachofumwa kwa safu zote mbili kwa namna iliyoelezwa huwa maradufu, pande zake mbili zikifanana, hivyo kinafaa kwa skafu, kofia na blanketi la mtoto mchanga. Mfumaji akitaka kitambaa chembamba hutumia safu moja peke yake, akizungusha uzi kwenye kila kigingi na kurudi. Kitambaa hicho kina uso na mgongo, na kingo zake hupenda kujikunja. Kumaliza si kugumu. Vitanzi vya safu ya chini huhamishiwa juu, kisha kwa ndoano hupitishwa kimoja ndani ya kingine hadi kibaki kimoja, uzi ukakatwa na kupitishwa ndani yake.

Ajali kubwa ya kazi hii ni kitanzi kuponyoka kabla ya kupata mwenziwe wa kukishika. Kitanzi hicho hukiacha huru kilicho chini yake, nacho hukiacha cha chini yake, hata ikatokea ngazi ndefu katikati ya kitambaa. Mfumaji mzoefu hashtuki. Huichukua ndoano, akaipanda ngazi hiyo kidato kwa kidato akirudisha kila kitanzi mahali pake.

Kutoka vigingi hadi sindano zenye ulimi

Mwaka 1589 Mwingereza William Lee, wa Calverton karibu na Nottingham, aliunda mashine ya kufuma soksi iliyojengwa juu ya wazo hilo hilo la kiunzi: badala ya vitanzi vyote kukaa kwenye sindano moja ndefu, kila kitanzi kipewe sindano yake. Katikati ya karne ya 19 ikabuniwa sindano yenye ulimi mdogo unaofunguka na kufunga ncha ya ndoano, hivi kwamba sindano yenyewe ikipanda na kushuka hukivusha kitanzi bila msaada wa mkono. Mmarekani Isaac Lamb aliziweka sindano za namna hiyo katika mashine bapa aliyoipatia hataza mwaka 1863. Mashine inayosukumwa kwa mkono katika kibanda cha Malaba leo ni mjukuu wa mashine hiyo, na mtu aliyefuma kwa kiunzi kirefu huitambua mara moja. Kuna vitanda viwili vya chuma vilivyoegemeana kama paa la nyumba. Kuna mwanya kati yake ambamo sweta huteremka. Kuna sindano zilizopangwa kama vigingi. Kuna vyuma vizito vinavyoning'inia chini, vikifanya kazi ya ule uzi wa nanga. Kigari kinapopita juu, mifereji yake ya ndani huzipandisha na kuzishusha sindano moja baada ya nyingine, na safu nzima hufumwa kwa msukumo mmoja.

Fundi huanza na pindo la kiuno, akitumia vitanda vyote viwili ili lipate mbano, kisha huendelea na mwili kwa kitanda kimoja. Mgongo, kifua na mikono miwili hufumwa vipande mbalimbali, vikapunguzwa sindano kwapani na shingoni. Mistari ya rangi ya shule huingizwa kwa kubadilisha uzi. Mwishoni vipande huunganishwa. Uzi wenyewe, ambao baadhi ya watu bado huuita sufu ingawa hakuna kondoo aliyenyolewa kwa ajili yake, ni wa kemikali; Eldoret kuna kiwanda cha uzi wa namna hiyo, na barabara itokayo huko kupitia Webuye na Bungoma huishia Malaba.

Sweta katika nchi ya joto

Mgeni aweza kuuliza kwa nini sweta iwe biashara katika nchi ya joto inayokaribia Ziwa Viktoria. Jibu ni sare. Sweta ya shule haivaliwi kwa sababu ya baridi peke yake, ingawa asubuhi za masika zina baridi yake; huvaliwa kwa kuwa shule imeiorodhesha. Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka 1997. Karo iliondoka, sare ikabaki, na mzigo wake ukaonekana wazi zaidi.

Jambo hili lilichunguzwa Busia kwenyewe. David Evans, Michael Kremer na Mũthoni Ngatia waliwafuatilia watoto wa shule za msingi za wilaya hiyo ya wakati huo, ambako baadhi yao walipewa sare bure kwa kura. Waliona kwamba utoro wa waliopewa ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na kwa kiasi kikubwa zaidi miongoni mwa wale ambao hawakuwa na sare kabisa. Ni kweli kwamba, miaka kadhaa baadaye, tofauti kati ya makundi hayo haikuonekana tena. Kremer alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na utafiti alioufanya magharibi mwa Kenya ulikuwa sehemu ya sababu. Wachumi waliihesabu sare. Anayeifuma hakuwa katika hesabu hiyo.

Naye ndiye anayestahili kuangaliwa na watu wa lugha. Vibanda vya Busia na Malaba huwakutanisha Wateso, Wakhayo, Wamarachi, Wasamia, Wajaluo, na wateja kutoka Tororo na vijiji vya Uganda. Hakuna lugha moja ya nyumbani inayowatosha wote, na kwa hiyo oda hutolewa kwa Kiswahili: "Fundi, nitengenezee ya mtoto wa darasa la tatu, shingo ya V, uniongezee kidogo mikononi maana anakua." Fundi naye: "Sawa mama, njoo Alhamisi." Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na rasmi. Mpakani Kiswahili hakikusubiri tangazo lolote kati ya hayo.

Lakini oda ni nusu ya mazungumzo. Nusu ya pili ni ile ya fundi na mwanagenzi wake, na hapo Kiswahili hupungukiwa. Anayejifunza katika chuo cha ufundi hufundishwa kwa Kiingereza. Anayejifunza kibandani hufundishwa kwa kidole: hii, ile, hapo, vuta, sukuma, si hivyo. Msichana aliyeacha shule ya msingi kabla ya kumaliza, ambaye pengine ni yule yule aliyekosa sare, huupata ufundi kwa macho, na siku ambayo mashine ya bwana wake itaharibika hataweza kumweleza mtengenezaji kwa simu ni sehemu gani iliyogoma. Haya si mambo ya mapambo ya lugha. Ni siku za kazi zinazopotea Januari, mwezi ambao kila siku ina thamani.

Kuhusu istilahi

Ni rahisi kuwalaumu wasemaji kwa kusema kushona sweta. Kwa maoni ya makala haya, lawama hiyo iwe ya kiasi. Kushona ni kuunganisha kwa sindano na uzi kitambaa kilichokwisha kuwapo, na sweta ya vipande kweli hushonwa mwishoni. Wasemaji wameichukua hatua ya mwisho wakaipa kazi yote jina. Zaidi ya hayo, sindano imo katika kazi zote mbili. Hata hivyo mahali pa kufundishia kosa hili lina gharama, kwa kuwa linamficha mwanafunzi ukweli kwamba fundi wa sweta hukitengeneza kitambaa na umbo lake kwa wakati mmoja, jambo ambalo mshonaji halifanyi.

Kinachohitajika si kubuni maneno mapya mengi. Kitanda kipo. Kiunzi chenye mtande kinaweza kuitwa kitanda cha mtande, na kile chenye vigingi kitanda cha vitanzi. Msikilizaji huelewa papo hapo kipi hutoa nini. Sehemu ya mashine inayobeba sindano ni kitanda cha sindano, na ni sadfa ya kufurahisha kwamba vitabu vya Kiingereza vya mashine hizo nazo huiita sehemu hiyo kitanda. Kigari, ulimi, mwanya, safu, pindo na nanga ni maneno ambayo mtoto wa Malaba hahitaji kamusi kuyajua. Kuvusha kitanzi kunajieleza, hasa mahali ambapo kuvusha ni riziki ya nusu ya mji. Pengo lililo gumu ni moja: kipimo cha idadi ya sindano katika upana fulani, ambacho ndicho huamua kama sweta itakuwa nzito au nyepesi. Neno usuka halifai, kwa kuwa hakuna kinachosukwa. Unene nao ni wa uzi, si wa mashine. Msongamano wa sindano huenda likafaa, ingawa ni refu kwa mtu anayezungumza huku mkono wake ukisukuma kigari.

Watu wa fasihi nao wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa karibu, maana wamekuwa wakiishi kwa mikopo ya mafundi. Msuko wa riwaya umetoka kwa msusi wa mikeka na nywele. Kutunga shairi ni jamaa ya kutunga ushanga. Mfumo, neno ambalo leo hutumika kwa fonolojia, siasa na kompyuta, lilikuwa la mfumi kabla ya kuwa la mwanaisimu. Hata wachumi wamo: bei zinapopanda bila kushikika husemwa kuna mfumuko wa bei, kana kwamba sweta ya uchumi imevutwa uzi. Hapa inafaa kutahadharisha, kwa kuwa kosa hili huonekana katika kazi za wanafunzi, kwamba kufumbua fumbo hakumo katika ukoo huu. Hilo limetokana na fumba, na anayeandika kufumua fumbo amechanganya nyumba mbili.

Pengine uhakiki ungefaidika kwa kuutazama ufumaji wa vitanzi pia, si ule wa kusuka peke yake. Msuko huwaza nyuzi kadhaa zinazokwenda pamoja na kupishana, na unazifaa riwaya zenye visa sambamba. Zipo hadithi za namna nyingine, zenye uzi mmoja tu, ambamo kila tukio linashikwa na lililofuata, na mwandishi akiliponyosha moja mapema, msomaji huona ngazi ikishuka hadi ukurasa wa kwanza.

Kuhusu uhai wa kitenzi chenyewe vibandani, upo ushahidi mdogo ambao ni rahisi kuupuuza. Kiswahili kina kinyume cha shona, nacho ni shonoa. Kama fundi wa mpakani angeamini kweli kwamba anashona, angelitumia neno hilo kazi inapoharibika. Lakini aonapo kosa lililofanyika safu kumi nyuma, hamwambii mwanagenzi ashonoe. Humwambia, "Fumua."